Mkwe Wangu Juu ya Majani ya Mgomba

Jumapili, 4 Mei 2025

Nimekuwa bibi! Mvulana. Mzito, mweusi, ana sauti ya utingo wa lori. Binti yangu Juliet alipasuliwa jana hapa Tororo kwa sababu mtoto alikaa vibaya, na wote wawili ni wazima. Jina lake Ben. Nilipiga vigelegele mpaka sista wa wodi ya wazazi akaniambia nipunguze, kuna wenzangu wamelala. Wacha waamke!

Mkwe wangu Edimu naye alikuja. Nilisikia viatu vyake mlangoni, nikavuta kitenge kichwani, nikageukia ukutani. Sisi Wasamia na wao Wateso tunabishana mengi, lakini hili hatubishani: mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja. Ila hata aliyegeukia ukuta ana pembe ya jicho. Macho yake mekundu. Shingoni vipele. Nikamwambia Juliet amuulize mumewe ana nini – na mumewe amesimama pale pale! Juliet akauliza. Edimu akamjibu Juliet ili Juliet anijibu mimi: ni joto la gereji tu. Anatengeneza malori kule kwetu Busia, kutwa yuko chini ya injini. Tena anaendelea vizuri, kuna vidonge anameza tangu mwezi uliopita, vya jongo, kidole gumba cha mguu kilikuwa kimevimba hata kiatu hakiingii, sasa kimepona.

Basi vizuri, nikauambia ukuta.

Jumatano, 7 Mei

Nimerudi Busia, hotelini kwangu. Naiita hoteli – ni mabenchi, masufuria na madereva wanaongoja forodha wawaachie. Leo nimeunguza maharage, sijawahi. Juliet amepiga simu akilia. Edimu amelazwa hospitali ile ile, jengo la pili kutoka kwake. Homa kali, midomo imepasuka, hawezi kumeza hata mate.

Jirani yao alisema ni surua. Wakamwogesha maji ya majani. Na yeye aliposikia mwili mzima unauma, akafikiri jongo limehama kidole limeingia mwilini. Akaongeza vidonge! Badala ya kimoja, viwili. Mkwe wangu ni fundi mzuri, lakini mwili si injini kwamba ukisikia kelele unaongeza oili.

Kesho nakwenda. Cate, anayenisaidia kupika, atanishikia hoteli.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeona. 

Ngozi inatoka. Si vipele tena, ni malengelenge makubwa, yakiguswa yanapasuka na ngozi inabaki kwenye shuka. Dada yake Atai ndiye alikuwa anamuuguza. Asubuhi alivuta shuka abadilishe, ngozi ya mgongo ikaja nayo. Atai alipiga yowe akatoka mbio, na hajarudi. Simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Kaka yao mkubwa Okedi ametoka Sop Sop, kwao. Mrefu, koti zito hata juani, anachechemea kidogo. Alisimama kwenye baraza akisema kwa sauti, akitazama juu ya kichwa changu kwa sababu mimi ni mkwe na hawezi kunitazama usoni. Adabu hiyo! "Hii hapana ugonjwa. Hii iko mkono ya mtu. Ndugu yangu nakula chakula kwa hoteli ya nani kila siku? Sisi nauliza tu." Maana yake mimi ni mchawi, ila kwa heshima zote.

Dokta akatokea, akamkatiza. Anaitwa Ofwono, Mjapadhola, kijana bado. Swali lake la kwanza: amekuwa akimeza nini? Juliet, amejikunja ameshika mshono wake, akatoa bahasha ya kaki kwenye suruali ya mumewe. Vidonge vyeupe, vilivyonunuliwa rejareja dukani. Havina boksi, havina jina. Edimu akaulizwa sikioni, akaitikia kwa kichwa: vya jongo. Dokta akakijua kidonge kwa alama yake. Alopurinol. Akasema ni dawa nzuri, inawasaidia watu wengi, lakini kuna wachache mwili wao ukiipata unaigeuzia vita ngozi ya mwenyewe, kinywa na macho. Haina dawa ya kuirudisha nyuma. Kuacha kidonge mara moja, maji mwilini, usafi, na kumlea kama kichanga mpaka ngozi mpya ije.

Nikamwuliza wazi: atakufa? Hakunidanganya. Anaweza kufa. Na akipona, macho yanaweza kushikana yakafa yeye akiwa hai.

Fundi kipofu, na mtoto ana siku chache tu. Ee Mungu, hapana.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimevunja mila ya mama yangu na ya mama yake. Naandika bila kujuta.

Ilikuwa hivi. Kila mgonjwa lazima awe na mtu wake, maana masista ni wachache na vitanda vimejaa. Mtu huyu anatakiwa kumgeuza, kumwosha, kumnywesha. Na Edimu amelala uchi, hawezi kuvumilia nguo, wamemfunika kwa chandarua kilichotundikwa juu ya fito kisimguse. Mama yake alishakufa. Juliet ana mshono na kichanga, amekatazwa kuingia. Atai amekimbia. Mke wa Okedi anaogopa. Okedi akasema amepata mwanamume huko Sop Sop, atakuja Jumatatu.

Sista Elinah – mfupi, mnene, hana muda wa maneno – akamjibu: "Jumatatu nakuja kuchukua nani? Huyu nataka mtu sasa hivi."

 Watu wote walitazama sakafu. Hakuna aliyenitazama mimi, na ndipo nikajua kila mtu ananifikiria mimi.

Nilimwambia marehemu mume wangu Wesonga huko aliko: baba, funga macho kidogo. Nikanawa mikono mpaka viwiko, nikavaa gauni lao la kijani, nikaingia.

Alinijua kwa kikohozi. Macho yamefunga, mwili hauna ngozi mgongoni, na bado – bado! – akajaribu kujigeuza uso wake uelekee ukutani, kwa sababu mama mkwe ameingia. Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nikasema naye moja kwa moja, bila Juliet katikati, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu: "Mkwe, ukuta hauna dawa. Tulia."

Akatulia.

Okedi aliponiona kwenye mlango na gauni alitema mate, akasema sasa nyumba yao imeingia aibu ambayo mbuzi mmoja hatoshi kuisafisha. Nikamwambia alete wawili.

Jumamosi, 10 Mei

Shida ya leo: kitambaa cha vidonda kinanata. Ukikitoa unatoa na nyama. Analia bila sauti kwa kuwa koo nalo limechubuka. Sista Elinah akasimama akafikiri, akasema walipokuwa wanafunzi mwalimu wao aliwaonyesha majani ya mgomba kwa waliochomwa moto. Laini, baridi, hayanati. Lakini nani atayatengeneza?

Nani! Nimeivisha ndizi ndani ya majani ya mgomba tangu sijaota matiti. Nikapiga simu nyumbani Bulumbi, waniletee majani machanga, yale yanayotoka yamejikunja, yasiyopasuliwa na upepo. Bodaboda akaja nayo yamefungwa kama zulia. Sista akataka yachemshwe, tukachemsha. Nikatoa ule uti wa kati, nikayapoza, tukayatandika kitandani. Tukamwinua watu wanne kwa shuka, tukamshusha juu yake.

Alishusha pumzi ndefu. Halafu akalala! Kwa mara ya kwanza amelala bila kugumia. Dokta Ofwono alikuja, akatazama, akagusa jani, akasema endeleeni. Sista Elinah akanigonga bega. Nimekula sahani mbili za posho, ugali wa hapa, na maharage, nimeshiba kama aliyeshinda kesi.

Jumatatu, 12 Mei

Mwanamume wa Sop Sop hajaja. Sikumtarajia.

Leo kinywa. Mrija wa soda ni mfupi, lazima nimwinamie uso kwa uso, na hapo yeye anafunga midomo. Yaani afe kwa kiu lakini asinywe mbele ya mama mkwe! Nimemwambia mgonjwa haulizwi uji. Hakufungua. Mkaidi kama nduguye.

Sista akacheka, akakata kipande kirefu cha mpira mpya wa dripu. Nikakaa nyuma ya kichwa chake na kikombe cha uji mwepesi, mgongo nimempa, mpira umepita juu ya bega langu hadi mdomoni kwake. Sasa kila mtu ana heshima yake. Anakunywa kama wanavyokunywa ajon kwao, ile pombe ya ulezi, wazee wamezunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Nikamwambia, mkwe, leo tuko kwenye mtungi, mimi na wewe tu, hakuna kusukumana. Nikasikia mpira unatikisika. Alikuwa anacheka! Na vidonda vyote vile mdomoni, alicheka.

Kikombe kizima kimekwisha.

Jumanne, 13 Mei

Vita leo, barazani.

Okedi amerudi na wazee wawili wa ukoo. Wanataka kumtoa Edimu wampeleke kwa mtu wao. Wakasema Wasamia wana mikono. Nikashindwa kujizuia, nikawaambia mikono ya Wasamia ndiyo inamgeuza ndugu yenu kila saa, na labda shida ni damu yenu ninyi Wateso, nyepesi, haivumilii hata kidonge. Mimi nilimeza dawa za kila rangi maishani mwangu na ngozi yangu iko hapa, shikeni!

Dokta Ofwono akatoka wodini. Alituweka chini wote kama watoto wa shule. Akasema Okedi amekosea, na mimi nimekosea, ila mimi nimekosea nikiwa karibu na ukweli. Kuna kitu kweli kwenye damu. Mtu hurithi kwa baba na mama alama fulani mwilini, na alama hiyo ndiyo huweza kuufanya mwili ukichukie kidonge fulani. Alama hizo hazikugawanywa sawa duniani. Akasema huko Asia kuna mataifa ambayo kabla ya kupewa dawa fulani ya kifafa mtu hupimwa kwanza damu, kwa sababu wengi wao wana alama ya kuikataa. Hii ya dawa ya jongo nayo wameijua huko, nako wanapima. Afrika imo pia. Lakini kwa Wateso ni wangapi? Kwa Wasamia? Kwa Wajapadhola, watu wake mwenyewe? Akafungua viganja: "Mimi sijui. Hakuna mtu amekaa akatuhesabu sisi. Kwa hiyo hapa hakuna kabila ya kucheka ingine."

Mzee mmoja akauliza kama Wateso wa upande wa Kenya nao wamo. Dokta akasema damu haigongi muhuri mpakani.

Halafu akasema neno lililonichoma. Kwa kuwa hatujui kabila, tushike ukoo. Wa kuogopa kidonge hiki zaidi ni ndugu wa tumbo moja na watoto. Wengi wenye alama humeza na wasipate kitu. "Lakini nyinyi mmeona huyu. Mtabahatisha?"

Watoto. Ben! Mjukuu wangu ana nusu ya damu niliyoitukana dakika ile ile. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mimi nimetukana mtoto akiwa bado kwenye nepi. Nilinyamaza. Cate asingeamini.

Okedi hakunyamaza. Alisema dokta ni Mjapadhola, Wajapadhola siku zote wanawadharau Wateso, na habari ya kidonge ni uongo wa kumficha mchawi. Akaondoka. Lakini mgonjwa hawakumtoa. Juliet alikuwa amesimama katikati ya mlango na mtoto mgongoni na mshono tumboni, na hakuna mwanamume aliyejaribu kumpita.

Alhamisi, 15 Mei

Homa imerudi. Anaongea na watu wasiokuwepo. Sista hatanii tena.

Sina la kuandika.

Jumamosi, 17 Mei

Imeshuka! Alfajiri niliweka kiganja kwenye paji la uso, pale pasipo na kidonda, nikadhani mkono wangu ndio umekufa ganzi. Nikamwita Sista. Akapima, akapima tena. Akasema: "Mama, leo hii mtu nataka kuishi."

Na nyingine: begani, chini ya ile iliyobabuka, kuna ngozi. Nyembamba, ya waridi. Nyororo kama ya Ben. Nimeitazama kwa muda mrefu. Sikuona haya hata kidogo. Nimemwogesha mtu huyu, nimemgeuza, najua mwili wake wote, na mila haijaniangukia kichwani kama paa. Kilichoniangukia ni usingizi tu.

Yamebaki macho. Kila saa namsafisha kwa maji ya chumvi na kumtia matone, na Sista anapitisha kijiti cha kioo ndani ya kope zisishikane. Yeye analia, mimi nalia, Sista hana machozi, ana kazi.

Jumanne, 20 Mei

Leo, leo, leo!

Mchana nilikuwa namfuta kope, joto limenizidi, kitambaa cha kichwa nimekiweka kando. Nywele zangu zote mvi nje. Namwimbia wimbo wa kanisani ili asisikie maumivu. Ghafla akaniambia, kwa sauti ya kukwaruza, polepole: "Mama... kichwa yako... hapana kitambaa."

Nilishika kichwa. Kweli, hapana kitambaa. Aibu ikanipanda – nywele za mama mkwe! Nikaanza kukitafuta chini ya kitanda, nikainama, nikajigonga. Halafu nikasimama pale pale.

Ameona. Edimu ameona!

Nilitupa kitambaa juu. Nilipiga vigelegele vilivyofika wodi ya wazazi, na safari hii sista wa kule hakuja kunikataza, alikuja mbio kuuliza ni mapacha wangapi. Sista Elinah alicheza. Mnene vile, alicheza! Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwenye mguu uliofungwa vyuma, akagonga magongo yake kama ngoma. Jioni Juliet aliruhusiwa kusimama dirishani akamwinua Ben. Edimu alimtazama. Akanyoosha kidole kimoja kisicho na kucha. Kucha zote zimeng'oka, zitaota.

Dokta anasema mwanga utamsumbua, na machozi yake yatakuwa machache maisha yote, atatumia matone. Matone tutanunua. Nitauza hata mabenchi.

Jumamosi, 31 Mei

Ametoka kwa miguu yake. Kofia pana, miwani myeusi, shati la mikono mirefu. Ngozi yake ni ramani – hapa nyeusi, hapa ya waridi, hapa kijivu. Akasema anafanana na lori lililopakwa rangi na fundi mlevi. Nikamwambia lori likitembea nani anauliza rangi.

Dokta amempa kadi ya kubeba kila siku, imeandikwa jina la kidonge asichoruhusiwa kukigusa tena. Akarudia: ndugu zako wote waambiwe. Edimu akasema atawaambia. Akanitazama. Mimi nikamtazama. Hakuna aliyegeukia ukuta.

Ijumaa, 6 Juni

Ujumbe kutoka Sop Sop. Ukoo unataka kutusafisha mimi na Edimu kwa yale tuliyoyaona. Tarehe kumi na nne. Mbuzi wanatoa wao. Niende nikae na wanawake, nisiseme.

Nisiseme! Wamenijua lini?

Lakini kuna jingine. Edimu amekuja hotelini. Alisimama mlangoni, akakohoa, akaingia, akaketi benchi la mbele yangu akaniambia mwenyewe, bila kumtuma Juliet. Vile vidonge hakununua yeye. Alivinunua Okedi, vya mguu wake, akampa nusu. Ni kawaida yao. Wanakunywa mtungi mmoja, wanavaa viatu vya mmoja, mmoja akipata dawa inayosaidia anaigawa, asipogawa wanasema ana roho mbaya. Wakati ule Okedi mwenyewe hakumeza, mguu wake ulikuwa umetulia, akaiweka nusu yake.

Na sasa mguu umemrudia. Edimu amempigia simu amwambie atupe. Okedi akacheka. Akasema ameanza kumeza tangu mdogo wake akiwa wodini, na uvimbe unashuka, dawa nzuri sana. Kama kidonge kingekuwa na ubaya si kingemshika na yeye? Akamwambia, uliyeshikwa ni wewe, uliyekuwa unakula kwa mchawi.

Nimekaa na hasira mpaka chai imepoa. Anataka kufa ili mimi nibaki kuwa mchawi! Nakwenda Sop Sop, mbuzi au hakuna mbuzi.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa jikoni kwa Okedi, juu ya kigoda, daftari gotini. Wamenifukuza uwanjani. Wacha niandike haraka.

Mambo yalianza vizuri. Mbuzi alichinjwa. Mzee akatunyunyizia maji mimi huku na Edimu kule, akasema yale yaliyoonekana yasionekane tena. Wanawake walinikaribisha vizuri, hata Atai, alinipigia magoti akalia, nikamwinua. Kisha wakatoa mtungi. Okedi akaja akichechemea, koti lile lile zito, akaketi na mrija wake.

Nikasimama. Wanawake wakanivuta kitenge. Nikasema mbele ya wote: mmenisafisha, asante. Sasa nisikilizeni, maana nimemwosha ndugu yenu na najua kidonge kinafanya nini. Okedi anacho. Anameza. Yeye na Edimu wamelala tumbo moja. Akitoe sasa hivi akimwage chooni, na nyote mliozaliwa na baba yenu mshike jina la hicho kidonge kama mnavyoshika jina la ukoo.

Kelele! Mwanamke, tena mkwe, tena Msamia, kusema damu yao mbele ya mtungi. Mzee mmoja akasema nilipe mbuzi wangu mwingine. Okedi hakusema kitu. Hicho ndicho kilichonishangaza. Mdomo ule haujawahi kukosa neno. Aliinamisha kichwa, akaacha mrija, hakunywa.

Edimu naye akasimama. Akavua kofia. Akavua miwani, jua lile, akafinya macho yake makavu. Akavua shati. Akajigeuza polepole, wote wakaona mgongo. Akasema kwa Kiteso maneno machache, Juliet amenitafsiria: hii ilinipata kwa dawa ya kaka yangu, aliyenipa kwa upendo, na aliyenitoa humo ni mama huyu.  Halafu wazee wakasema wajadiliane, na mimi niingie jikoni. Nikaingia kichwa juu. Mkwe wangu amesema mbele ya ukoo! Hata wakinitoza ng'ombe, leo nimeshinda.

Nawasikia wanabishana. Sauti ya Okedi haimo.

Yuko hapa.

Amesimama kwenye mlango wa jiko, wanaume wao hawaingii jikoni kamwe. Ameingia. Amevua koti. Kwa hiyo ndiyo sababu ya koti leo. Amepandisha mkono wa shati bila kunitazama. "Mama Juliet. Hii nilianza jana."

Madoa. Mekundu, katikati meusi kidogo. Machache bado, mkononi na kifuani. Hayajavimba. Nimeyabonyeza, ngozi bado imeshika! Nimemwuliza vidonge viko wapi, amenipa bahasha, nimeitia motoni – hapana, nimeichomoa haraka, Dokta Ofwono atataka kuviona. Nimemwita Edimu kwa sauti ya sokoni, ametoka kutafuta bodaboda, anakwenda mbio hata shati hajavaa. Juliet anampigia Sista Elinah. Anasema njooni, msikae.

Mdogo wake alifikishwa hospitali akiwa amechelewa. Huyu hajachelewa. Sitakubali achelewe.

Kimebaki kinywa. Dokta alinifundisha, tazama ndani ya kinywa kwanza, ndiko ugonjwa huu huonekana mapema. Nimemwambia Okedi afungue. Amekaza midomo, anatazama juu ya kichwa changu, kule kule alikozoea kutazama. Mkwe hamfungulii mama mkwe kinywa. Nasikia pikipiki inaingia uwanjani, wazee wamenyamaza, wamekuja hadi mlangoni wanachungulia. Nimemshika kidevu mbele yao wote. Kina joto. Okedi, fungua! Nimesema, fungua –

Anashusha macho. Ananitazama.